Maji ya Kifuu, Bahari ya Chungu: Utando wa Nano na Suala la Kuondoa Chumvi Katika Maji ya Bahari

IKISIRI

Makala haya yanafafanua jinsi utando mwembamba unavyotenganisha maji na chumvi, na yanazipima ahadi zinazotolewa kuhusu maada za kiwango cha nano katika kazi hiyo. Hoja yetu kuu ni kwamba jina linalopewa kifaa cha kisayansi si pambo. Jina humwongoza mtumiaji katika kukielewa kifaa, kukitunza na kukitarajia. Tunaonyesha kwamba maneno chujio, utando na kiwambo, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa visawe, yanaweza kugawiwa kazi tatu tofauti, na kwamba mgao huo unaafikiana na sayansi yenyewe. Mwisho tunaeleza kwa nini suala hili linaihusu pwani ya Kenya moja kwa moja.

1.0 UTANGULIZI

Katika kijiji kimoja cha pwani ya Kenya ambacho hatutakitaja, mwandishi wa makala haya alikutana na kijana aliyekabidhiwa ufunguo wa mtambo mdogo wa kuondoa chumvi katika maji ya kisima. Mtambo ule ulikuwa umefanya kazi vyema kwa miezi kadhaa, kisha maji yake yakaanza kurudi na ladha ya chumvi. Tulipomuuliza alivyokuwa akiutunza, alijibu bila kusita: "Mwalimu, mimi sikuzembea. Kila Ijumaa nilipitisha maji ya klorini ndani ya chujio, kama mama anavyosuuza mtungi."

Kijana huyu hakuwa mzembe. Mafunzo yake yalikuwa ya asubuhi moja, tena kwa Kiingereza, na katika mafunzo yote aliambulia neno moja la lugha yake: chujio. Naye alilitendea chujio kama kila mmoja wetu alivyofunzwa jikoni. Chujio likichafuka huoshwa, na dawa ikiwa kali ndivyo linavyotakata. Kumbe ndani ya mtambo ule hamkuwa na chujio la kawaida. Mlikuwa na utando wa poliamaidi, na klorini ndiyo adui mkubwa wa poliamaidi. Huivunja minyororo yake kidogo kidogo hadi chumvi ikapata njia. Neno moja lilichangia kuuharibu mtambo wa kijiji kizima.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inamhakikishia kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa kawaida vifungu hivi viwili husomwa na watu tofauti: cha kwanza na wahandisi, cha pili na sisi wanafunzi wa Kiswahili. Makala haya yanavisoma pamoja.

2.0 CHUMVI ILIYOYEYUKA NA KIPIMO CHA NANO

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Kwa hivyo mtungi wa lita 20 uliojazwa maji hayo huwa na gramu 700 za chumvi, kiasi kinachokaribia robo tatu ya kilo. Maji ya kunywa, kwa upande mwingine, yakizidi gramu moja ya madini yaliyoyeyuka kwa kila lita, ulimi huanza kuyakataa. Kazi iliyopo basi ni kuondoa zaidi ya sehemu 97 katika kila sehemu 100 za chumvi hiyo.

Msomaji atauliza: kwa nini kitambaa kizito kisitoshe? Jibu ni kwamba chumvi ikishayeyuka haipo tena kama punje. Kila punje huvunjika ikawa ioni za sodiamu na kloridi, ambazo ni chembe zenye chaji ya umeme. Kila ioni huzungukwa papo hapo na molekuli za maji, mithili ya bi harusi asiyetoka nje bila wapambe wake. Ioni ya sodiamu pamoja na wapambe hao ina upana wa takriban nanomita 0.7, na ya kloridi hukaribia hapo. Molekuli ya maji peke yake ina upana wa takriban nanomita 0.28.

Nanomita ni nini? Chukua mita moja, uigawanye katika sehemu bilioni moja. Sehemu moja kati ya hizo ndiyo nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000 hadi 100,000. Ukucha wa kidole hurefuka kwa takriban nanomita moja kila sekunde. Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki, nalo humaanisha mbilikimo. Wahenga wetu walikwisha kuelewa kwamba ukubwa hutegemea jicho linalotazama, ndipo wakasema: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Katika makala haya tutamfuata chungu ndani ya kifuu chake, kisha tumtoe tumwonyeshe bahari yenyewe.

Tofauti baina ya maji na chumvi iliyoyeyuka, kwa mujibu wa vipimo hivyo, haifiki hata nusu ya nanomita. Ni tofauti ndogo mno, lakini si upana pekee unaotusaidia. Ioni ina chaji, na kumvua bi harusi huyu wapambe wake ili apenye mlango mwembamba hugharimu nishati nyingi. Utando mzuri hutumia mambo haya yote mawili: wembamba wa mlango na gharama ya kuupita.

3.0 OSMOSISI NA KINYUME CHAKE: SOMO LA KIFUMBU

Anayetengeneza achari ya maembe hupaka vipande chumvi na baada ya muda hukuta maji yamejaa bakulini. Mvuvi anayetia samaki chumvi kabla ya kuwaanika wawe ng'onda huona jambo hilo hilo. Maji hutoka palipo na chumvi chache, hupenya ngozi ya seli na kuelekea palipo na chumvi nyingi. Mwendo huu huitwa osmosisi. Mwaka 1748 kasisi Mfaransa Jean-Antoine Nollet alikiziba chombo cha pombe kali kwa kibofu cha nguruwe kilichowambwa mdomoni, akakitumbukiza majini. Maji yalipenya kuingia ndani hata kibofu kikatuna.

Kwa kawaida, basi, tukiweka maji ya bahari upande mmoja wa utando na maji matamu upande wa pili, ni maji matamu yatakayokimbilia baharini. Ili kuyazuia yasiende, sharti upande wa bahari usukumwe kwa shinikizo lipatalo mara 27 ya lile la hewa inayotuzunguka. Ni sawa na kubebeshwa safu ya maji yenye kimo cha mita 270 hivi. Ukisukuma zaidi ya hapo, maji hugeuza mwendo: hutoka katika chumvi, hupenya utando, na chumvi hubaki nyuma. Hii ndiyo osmosisi kinyume. Mitambo ya maji ya bahari hutumia shinikizo la mara 55 hadi 70 ya lile la hewa, ilhali tairi la gari dogo hujazwa kwa shinikizo la mara mbili hivi tu.

Kwa mintarafu hii, picha ya chujio haitufai. Chai hupita katika chujio kwa uzito wake, nawe husimama ukitazama. Picha inayofaa zaidi ni ya kifumbu, ule mfuko uliosukwa kwa ukili ambao mama zetu wa pwani hukamulia tui. Nazi iliyokunwa na kutiwa maji haitoi tui lake mpaka mkono uminye. Tui hutoka, machicha husalia. Osmosisi kinyume ni kuikamua bahari.

Hata hivyo, kila mfano una mpaka wake. Machicha yanaweza kukamuliwa hadi yakauke, lakini bahari haikamuliwi hivyo. Kila tone linapotoka, maji yanayosalia huzidi ukali wa chumvi na huzidi kuvuta. Kwa sababu hiyo mitambo mingi hukamua takriban nusu tu ya maji yaliyoingia, na nusu iliyobaki hurudishwa baharini ikiwa na chumvi maradufu.

Hapa pana kanuni ambayo hakuna ufundi utakaoivunja. Kukamua nusu ya maji ya bahari hudai, kwa kiwango cha chini kabisa, nishati ya kilowati-saa 1.06 hivi kwa kila lita 1,000 za maji matamu yanayopatikana. Hata utando ungetengenezwa na malaika, usingeshuka chini ya hapo. Katika miaka ya 1970 hatua ya osmosisi kinyume ilihitaji zaidi ya kilowati-saa 10. Leo mitambo bora hutumia kati ya 2 na 2.5 katika hatua hiyo, na 3 hadi 4 ukijumlisha kuvuta, kuchuja na kusukuma maji. Kwa mtungi wa lita 20, hiyo ni nishati inayoweza kuwasha taa ya wati 10 kwa takriban saa saba. Msomaji azikumbuke tarakimu hizi, kwani tutazihitaji tutakapozipima ahadi za nano.

4.0 UTANDO ULIVYOZALIWA

Kabla ya utando kukomaa, njia kuu ya kupata maji matamu kutoka baharini ilikuwa kuyachemsha na kuunasa mvuke wake. Nchi za Ghuba zilijenga mitambo mikubwa ya aina hiyo kwa sababu zilikuwa na mafuta ya kuchoma. Hata Muscat, mji ambao wasemaji wa Kiswahili si wachache, ulitegemea kwa miaka mingi maji ya mvuke ya kituo cha Ghubrah.

Katika miaka ya 1950, Charles Reid na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba utando wa selulosi asetati huzuia chumvi na kupitisha maji. Kasoro yake ilikuwa unene. Maji yalipita kwa matone ya kuhesabika. Mnamo mwaka 1960 hivi, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wakiwa Los Angeles, waliunda utando wenye ngozi nyembamba sana juu na mwili wenye vinyweleo vipana chini. Ngozi ilizuia chumvi, mwili uliibeba ngozi. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga katika jimbo la California ulianza kunywa maji ya mtambo wa aina hiyo, yaliyotoka kisimani, si baharini.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya John Cadotte katika miaka ya 1970. Aliufanya utando usitengenezwe kama kitambaa bali uzaliwe wenyewe mahali ambapo vimiminika viwili hukutana. Kimoja ni maji yenye kemikali ya aina ya amini. Cha pili ni kimiminika jamii ya mafuta mepesi chenye kemikali nyingine. Kwa kuwa mafuta na maji hayachanganyiki, kemikali hizo hukutana mpakani tu, nazo hushikana papo hapo zikawa poliamaidi. Aliyewahi kuchemsha maziwa akaona yakifanya ngozi juu ameshaona jambo lenye sura hiyo. Ngozi ya Cadotte huwa na unene wa nanomita mia moja au mia mbili hivi, nayo hulazwa juu ya tabaka lenye vinyweleo, ambalo nalo hushikiliwa na kitambaa. Kufikia leo, mitambo mingi ya osmosisi kinyume duniani hutumia uzao wa utando huo.

5.0 MAADA ZA NANO: AHADI NA MIZANI

Ikiwa utando wa poliamaidi wenyewe una unene wa kupimwa kwa nanomita, kuna jipya gani katika kinachoitwa utando wa nano? Jipya ni kwamba watafiti hawaridhiki tena kuachia vijinjia vya maji vijitokeze ovyo. Wanataka kuvipanga. Tutataja njia nne.

Ya kwanza ni kuchanganya. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya utando wa poliamaidi uliotiwa chembe za zeolaiti, madini yenye vishimo vya kimaumbile vinavyoruhusu maji. Kazi hiyo ilizaa kampuni ya NanoH2O, iliyonunuliwa na LG Chem mwaka 2014. Hii ni mojawapo ya maada za nano zilizotoka maabara zikafika sokoni.

Ya pili ni kuiga viumbe. Mwaka 1992 Peter Agre na wenzake walithibitisha kuwepo kwa protini inayopitisha maji katika ngozi ya seli, iliyokuja kuitwa akwaporini. Ugunduzi huo ulimpa Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Mlango mmoja wa akwaporini hupitisha molekuli za maji zipatazo bilioni tatu kwa sekunde, zikiwa zimepanga foleni moja, na hauruhusu ioni. Figo zetu hutegemea milango hii kila siku. Wapo waliofaulu kuipandikiza protini hiyo katika tando za viwandani, ingawa protini ni kitu laini na mtambo ni mahali pagumu.

Ya tatu ni neli za kaboni. Mwaka 2006 maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani ilionyesha kwamba maji hupita ndani ya neli zenye upana usiozidi nanomita mbili kwa kasi inayozidi sana matarajio ya nadharia za kawaida. Ukuta wa neli ni laini mno kiasi kwamba maji huteleza. Tatizo ni kwamba neli yenye upana huo hupitisha pia chumvi, na kuzipanga neli nyembamba zaidi zisimame wima bega kwa bega katika eneo kubwa ni kazi pevu.

Ya nne ni grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, iliyotengwa na Andre Geim na Konstantin Novoselov mwaka 2004 na kuwapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Mwaka 2012 watafiti wa MIT walionyesha kwa kompyuta kwamba grafini iliyotobolewa vitundu vya kipimo sahihi ingeweza kupitisha maji kwa kasi kubwa na kuiacha chumvi. Mwaka 2015 watafiti wa maabara ya Oak Ridge walilitenda jambo hilo kwa mikono, na chumvi ikazuiwa karibu yote. Lakini kipande chao kilifunika tundu lenye upana wa mikromita tano tu, ambalo ni dogo kuliko upana wa unywele. Kasha moja la kawaida la mtambo wa bahari huviringwa ndani yake utando wenye eneo la takriban mita za mraba 37, na mtambo mkubwa huwa na maelfu ya makasha. Tundu moja la ajali katika karatasi ya atomu moja latosha kupitisha chumvi. Naam, maji ya kifuu ni bahari ya chungu, ila mwenye kiu si chungu.

Oksaidi ya grafini ni rahisi zaidi kutengeneza kwa wingi, lakini ikilowa huvimba, na nafasi baina ya matabaka yake hupanuka hadi chumvi ikapita. Mwaka 2017 watafiti wa Manchester walizuia uvimbe huo kwa kuyabana matabaka kwa gundi ya epoksi.

Sasa turudi kwenye tarakimu zetu. Sifa inayotangazwa zaidi katika utando wa nano ni kasi: maji kupita mara tatu, mara kumi, mara mia. Lakini tumeona kwamba nishati ya chini kabisa ni 1.06 na mitambo bora imeshafikia karibu maradufu ya hapo tu. Mwaka 2014 baadhi ya watafiti hao hao wa MIT walikokotoa kwamba utando unaopitisha maji mara tatu zaidi ungepunguza nishati ya mtambo wa bahari kwa asilimia 15 tu. Katika mtambo wa maji yenye chumvi kidogo, kama ya visimani, upungufu ungefika asilimia 46. Watafiti wengine, mwaka 2016, walisisitiza kwamba tando za leo hazina uhaba mkubwa wa kasi. Kinachohitajika zaidi ni uteuzi bora, yaani uwezo wa kuzuia yasiyotakiwa, kwa mfano boroni, ambayo katika maji ya bahari huwa kwa sehemu kubwa haina chaji na hivyo hupenya kwa urahisi.

Fauka ya hayo, mwaka 2021 watafiti wa Marekani waliupiga picha utando wa kawaida wa poliamaidi katika kiwango cha nano wakagundua kwamba siri ya kupitisha maji vizuri si wembamba pekee. Tando ambazo maada yake ilikuwa imetandazwa kwa usawa, bila mabonge mazito hapa na pale, ndizo zilizopitisha maji zaidi. Kwa hivyo huenda faida kubwa ya nano kwa sasa isiwe kubuni maada mpya, bali kuiona vizuri ile tuliyo nayo.

6.0 SUALA LA MAJINA: CHUJIO, UTANDO AU KIWAMBO?

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba kazi yake huanza pale ambapo wanasayansi wamemaliza, yaani kutafuta neno la kufasiri kitu kilichoeleweka tayari. Hali haiko hivyo. Kwa miongo mingi tangu miaka ya 1960, vitabu vilifundisha kwamba utando wa osmosisi kinyume hauna matundu. Maji huyeyuka ndani ya maada ya utando, husambaa, kisha hutokea upande wa pili. Mwaka 2023 kundi la watafiti lilichapisha hoja kwamba nadharia hiyo ina kasoro, na kwamba maji hupita kwa mkondo katika vinjia vidogo vinavyosukumwa na shinikizo. Mjadala huu, kwa kiini chake, ni mjadala wa sitiari: je, kitu hiki ni ngozi au ni chujio? Wenye Kiingereza nao wanabishana kuhusu picha iliyomo katika maneno yao.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilifungua njia, lakini grafini ilitengwa miaka 14 baadaye. Kamusi haiwezi kulaumiwa kwa kutotaja kisichokuwapo. Jukumu la kuendeleza kazi limeturudia sisi. Pendekezo letu ni kwamba maneno matatu tuliyo nayo yasigombanishwe, bali yagawiwe kazi.

Kwanza, chujio. Neno hili libaki kwa kifaa kinachonasa vitu vinavyoonekana au vilivyo vikubwa kuliko ioni: mchanga, mwani, matope. Kila mtambo wa bahari huwa na machujio ya aina hiyo yanayotangulia ili kuulinda utando. Chujio huoshwa na kusuguliwa, na likichakaa hubadilishwa kwa gharama nafuu.

Pili, utando. Katika Kiswahili utando ni kitu chembamba kinachotanda chenyewe: utando wa maziwa, utando wa buibui, utando juu ya maji yaliyotuama. Neno hili linabeba maana mbili tunazozihitaji, wembamba na kujitandaza, nazo ndizo sifa za ngozi ya poliamaidi inayozaliwa mpakani mwa vimiminika viwili. Aidha, anayesikia neno utando anajua bila kufundishwa kwamba kitu hicho hakisuguliwi.

Tatu, kiwambo. Kitenzi kuwamba humaanisha kunyoosha ngozi au kitambaa juu ya fremu kikazike imara, kama ngoma inavyowambwa. Tunalo pia kiwambo cha sikio. Neno hili linafaa kwa karatasi nzima: utando pamoja na tabaka linaloubeba na kitambaa cha chini. Hivyo tutasema kwamba kiwambo huviringwa ndani ya kasha, na juu ya kiwambo pametandazwa utando.

Kuhusu istilahi nyingine, tunaona kwamba osmosisi, nanomita, ioni na grafini zimeshakubali sauti za Kiswahili na hazina haja ya kubadilishwa. Kwa upande wa shinikizo, walimu wa fizikia wa Tanzania wana neno kanieneo, ambalo ni mfano bora wa uundaji unaojieleza, kwani ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Maji yasiyo na chumvi tunayaita maji baridi au maji matamu. La kwanza linaweza kumchanganya anayefikiria jokofu, la pili anayefikiria sukari, lakini muktadha hutatua utata wa yote mawili. Kwa maji ya visima vya pwani, lugha yetu ina hazina ya takriri: maji ya chumvichumvi. Takriri hapa haizidishi bali hupunguza, na kwa neno moja tunapata kiwango cha kati ambacho lugha nyingine hulazimika kukitafutia istilahi mahususi.

7.0 PWANI YETU NA UTANDO

Mombasa ni mji uliozungukwa na maji ambayo hauwezi kuyanywa. Maji yake huvutwa kutoka mbali: chemchemi za Mzima katika Tsavo, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, pamoja na Marere na Tiwi. Lamu kwa vizazi vingi imeishi kwa maji ya mvua yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Maji hayo matamu huelea juu ya maji mazito ya chumvi yaliyo chini yake. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kilichokuwa kitamu huwa cha chumvichumvi.

Kaskazini zaidi, mwaka 2018 shirika la Kimarekani la GivePower lilianzisha Kiunga mtambo wa osmosisi kinyume unaoendeshwa kwa nguvu za jua, ulioundwa kutoa hadi lita 75,000 kwa siku. Mfano huu unaonyesha kwamba teknolojia yenyewe si ndoto kwetu. Tukiuunganisha na hesabu ya mwaka 2014 tuliyoitaja, tunapata funzo muhimu: kwa vijiji vingi vya pwani, manufaa makubwa ya utando bora hayako baharini bali visimani, kwenye maji ya chumvichumvi, ambako shinikizo linalohitajika ni dogo na akiba ya nishati ni kubwa.

Isitoshe, kuna suala la machicha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba mitambo ya dunia ilikuwa ikitoa takriban mita za ujazo milioni 95 za maji matamu kwa siku, na milioni 142 za maji makali ya chumvi. Yakimwagwa ovyo katika ghuba iliyofungika, maji hayo mazito huzama na kutulia juu ya matumbawe na nyasi za bahari, mahali samaki wanapozalia. Ndani ya bara hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna bahari ya kuyapokea, na yakimwagwa ardhini hurudi kisimani. Mwanakijiji anayeuziwa mtambo ana haki ya kuuliza maswali matatu: Utando wake unaogopa nini? Machicha yake yatakwenda wapi? Nani atanunua kiwambo kingine hiki kitakapochoka? Hawezi kuyauliza asipokuwa na maneno.

8.0 HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba utando wa nano si muujiza wala si uongo. Umeshafungua milango ambayo haikuwapo, lakini hauwezi kuishinda kanuni ya nishati. Matokeo mengi yake bado ni ya kipande kidogo cha maabara, na poliamaidi ya Cadotte ingali ndiyo inayowanywesha walio wengi. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili hakikukosa maneno ya kulieleza jambo hili. Kifumbu kilikuwapo, machicha yalikuwapo, utando na kiwambo vilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaleta maneno hayo hadi mlangoni pa mtambo.

Tunapendekeza kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na idara za kemia na uhandisi katika vyuo vyetu kuandaa miongozo mifupi ya matumizi ya mitambo ya maji, na kwamba miongozo hiyo isomwe kwanza mbele ya watakaoitumia kabla ya kupigwa chapa. Yule kijana wa kijiji tusichokitaja alipoelezwa kwamba ndani ya kasha mna utando, tena kama ule wa juu ya maziwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mngeniambia utando, Mwalimu, nisingeutia klorini."